Siku tatu Mji Mkongwe na mke wangu, laki tatu na nusu itatosha? (tunatoka Pemba)

MchumaKarafuu_Wete

Asalaam alaykum jamaa. Mie mtu wa Wete, mimi na mke wangu tuna miaka sita ya ndoa na watoto wawili, na miaka yote hiyo sijawahi kumpeleka pahala zaidi ya Chake na Mkoani kwenye harusi za watu. Mwaka huu karafuu zimetupa afadhali, tumechuma tumeanika tumeuza, madeni nimelipa, sare za skuli zimenunuliwa, ikabaki kidogo nikaiweka pembeni nikamwambia hii ni yako twende Unguja ukauone mji. Tangu siku hiyo kila usiku ananiuliza tunaondoka lini.

Sasa ukitoa tiketi za boti za kwenda na kurudi ambazo nshazitenga, nabaki na laki tatu na nusu. Hiyo hiyo ndo ya kulala, kula, kutembea na zawadi za watoto. Tunafika Alhamisi mchana, tunaondoka Jumapili. Mie mwenyewe Unguja nimefika mara mbili tu na zote nlikuwa namuuguza baba Mnazi Mmoja, kwahiyo naijua njia ya bandarini mpaka hospitali na pale pa kununulia uji, basi.

Anachotaka yeye khasa ni kuingia ndani ya Beit el Ajaib, alisoma skuli kuwa ndio jumba la mwanzo huku kwetu kuwekwa taa za umeme na lifti, na hajalisahau mpaka leo. Pia anataka kobe wa kisiwa cha Changuu. Nasikia boti za Changuu watu wanatajiwa dola, sasa mtu kama mie napanda vipi? Kulala nina shangazi yangu Jang'ombe, ila nilitaka angalau tuwe wawili peke yetu maana nyumbani tunalala na watoto chumba kimoja, sijui nifanyeje shangazi asinune. Na la mwisho, mke wangu anaogopa bahari. Ile meli ya Spice Islander iliyozama karibu na Nungwi 2011 ilichukua watu wa kwao wawili, akisikia neno Nungwi tu anakaa kimya. Nisaidieni jamani nataka safari hii iwe nzuri kwake.

BintiKiponda

Waalaykum salaam kaka, na hongera kwa kumfikiria wifi. Mie nimezaliwa Kiponda na nimekulia hapo hapo kwahiyo ntakwambia kama ambavyo ningemwambia mgeni wangu.

Naanza na lile litakalomuumiza. Beit el Ajaib hamtoingia. Tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja uliporomoka mafundi wakiwa ndani kwenye matengenezo, watu wawili wakafariki. Nlikuwa nyumbani nikasikia kishindo, tukatoka mbio tukakuta vumbi limetanda mpaka Forodhani, wazee wanalia kama wamefiwa na mtu wa nyumbani. Mwambie mapema, akiwa bado Wete, asije akafika pale na hamu yake yote akakuta amezuiwa. Lakini kulitazama mtalitazama. Kaeni bustani ya Forodhani upande wa bahari, geukeni mulitizame lote, muhadithie kuwa alolijenga ni Seyyid Barghash mwaka 1883, na kwamba Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilisimama bahari hiyo hiyo mlioipa mgongo zikalipiga kasri la Sultani, vita haikufika hata saa nzima, kasri likavunjika vibaya na jumba likabaki limesimama. Kuyaona yote hayo kwa jicho moja hulipi hata senti.

Sasa kaka nisikilize, pesa yako inatosha kama mtatembea kwa miguu na hamtotoka nje ya mji. Watu wanakuja siku tatu wanataka Nungwi, wanataka Paje, wanataka mashamba ya viungo (nyie mumetoka kuchuma karafuu, mtalipia kuonyeshwa mkarafuu?), siku inaishia kwenye gari. Mji Mkongwe ni mdogo, mtu akitoka Malindi mpaka Shangani kwa miguu hata nusu saa hafiki kama hakusimama, ila mtasimama, hapo ndo kwenye raha yenyewe.

Ijumaa amkeni mapema, baada ya alfajiri nendeni diko la Malindi muone samaki wanavyoshushwa na kunadiwa. Halafu rudini kwa ndani kwa ndani, mupite msikiti wa Malindi wenye mnara wa mviringo uliochongoka, mutokee Mtini pale Mizingani, mukatizame Ithnashiri, ile nyumba ya roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi, alianza kuijenga tajiri Tharia Topan. Roshani zile mie mpaka leo nikipita nainua kichwa. Kisha ingieni vichochoroni na mupotee makusudi, mukipotea fuateni watu wengi mtatokea Darajani au baharini, hakuna pengine.

Mpe wifi kazi ya milango. Mlango wa Kiarabu wa zamani juu umenyooka, wa Kihindi una upinde au umekunjwa vipande vipande na umepigwa vichwa vya shaba. Pembeni utaona mnyororo umechongwa, chini samaki, mara mtende, mara yungiyungi. Na mingi juu imeandikwa aya na mwaka wa Hijria. Kama anasoma Kiarabu cha chuoni atafute mwaka mkongwe kuliko yote, mie na dada zangu tulikuwa tukishindana hivyo tukitumwa dukani.

Ijumaa mchana msitegemee kitu, maduka yanafungwa kwa sala. Jioni Forodhani.

Na bebeni kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, wote wawili, kila penye kiingilio muonyeshe kabla hamjatajiwa bei maana bei ya mwenyeji na ya mgeni ni mbingu na ardhi.

Nahodha_Mkokotoni

Mie naongea bahari tu. Mwambie mke wako hofu yake si ya aibu, sote tuliokuwa Nungwi asubuhi ile ya Septemba 2011 hatujasahau, nimebeba watu kwa mikono yangu.

Bahari ya baina ya Pemba na Unguja ina mkondo, chombo kinapoacha kivuli cha kisiwa kimoja na hakijafika cha pili ndipo kinapopigwa. Kusi likivuma mwezi wa sita mpaka wa nane ndio ukali wake. Nyie mkija kwenye maleleji, baina ya kusi na kaskazi, upepo umepungua na bahari imelala, mtafaidika. Chukueni boti ya asubuhi. Kaeni chini, katikati kuelekea nyuma, si mbele kabisa maana mbele ndiko kunakorushwa. Asisafiri na njaa wala asile cha mafuta, boflo na chai ya tangawizi inatosha, na ndimu mkononi ainuse. Asitizame simu, atizame mbali pale mbingu inapokutana na maji. Mukipanda tu muonyeshe maboya ya kuvaa yalipo, aguse moja kwa mkono wake. Mie abiria waoga wote nlikuwa nawafanyia hivyo, wanatulia.

Tangu ajali ile kuhesabu abiria kumekuwa kitu cha maana, wewe mwenyewe ukiona chombo kimejaa kupita kiasi shuka, tiketi isikutie tamaa.

Kijana_wa_Paje

Kwa mtazamo wangu siku tatu zote mjini mtachoka na kuta. Jumamosi pandeni daladala ya 309 mushuke Jozani muone kima punju, kima yule asili yake ni Unguja hapa, na mtu mwenyeji halipi sana. Mkeo wa miaka sita ya ndoa atafurahi zaidi kuona kima wanaruka kuliko kuhesabu milango ya watu. Au Kizimkazi Dimbani, msikiti una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria ndo 1107 hiyo, mkongwe kuliko mji wote wa mawe.

BintiKiponda

Kijana_wa_Paje sikatai, Jozani ni pazuri na msikiti wa Dimbani kila Muislamu wa visiwa hivi aufike mara moja. Ila mtu mwenye hofu ya safari, ametoka Wete kwa gari mpaka Mkoani, kavuka bahari, halafu umtie tena daladala saa nzima na zaidi kwenda na saa nzima kurudi? Jumamosi yao iwe Changuu tu. Mahame wanayo kwao Pujini kwa Mkama Ndume, yule mtawala wa zamani, mji wa mawe ulio hai na watu wanaanika nguo kwenye roshani hawana.

MchumaKarafuu_Wete

Ahsanteni sana. Nimemwambia habari ya Beit el Ajaib, alinyamaza kidogo akasema basi tutalitizama kwa nje. Dada wa Kiponda Mungu akuzidishie. Nahodha nimemsomea maneno yako yote neno kwa neno, akanambia nisome tena. Ila suala la shangazi bado.

BiMkubwa_Jangombe

Mwanangu mie ni mtu wa Jang'ombe na mie ni shangazi wa watu, kwahiyo nisikilize vizuri. Ukija mjini ukalala gesti siku zote na shangazi yako yupo, maneno yatafika Wete kabla yako. Fikia kwake Alhamisi. Mpelekee halua ya Wete na karafuu kidogo kwenye mfuko, kaa naye chini, kula alichopika. Halafu usiku huo mwambie mwenyewe kwa mdomo wako, shangazi kesho nataka nimtoe mke wangu, tutalala mjini usiku mmoja, Jumamosi tunarudi kwako. Hakuna shangazi atakayenuna akiambiwa hivyo kwa heshima, atacheka na atampa mkeo udi na asumini. Wanaonuna ni wanaofichwa.

Na beba cheti cha ndoa! Binti yangu na mumewe walifika gesti moja saa tatu usiku wakaulizwa cheti hawana, wakasimama mlangoni kama wahalifu, ilibidi baba yake apigiwe simu azungumze na mwenye gesti. Aibu ile msiipate. Piga picha kwenye simu pia, lakini karatasi yenyewe iwepo.

Gesti tafuta za Malindi ama Vuga ndani ndani, zisizotazama bahari, ukitazama bahari tu bei inapanda. Nenda mwenyewe ukaone chumba, feni inazunguka, maji yanatoka, ndo utoe pesa.

MlaMix_Michenzani

Nakuja kwenye chakula maana hapo ndo pesa za watu zinapovuja. Forodhani usiku pazuri kupita kiasi, taa, moshi, watu, lakini ile meza ya pweza na kamba na samaki waliopangwa kwa rangi imepangwa kwa macho ya mtalii, ukianza kuonyesha kidole hiki na hiki na hiki unashtukia elfu hamsini. Ulizeni bei ya kila kitu kabla hakijawekwa motoni, kwa Kiswahili chenu cha Pemba hicho hicho, wakisikia tu wanajua hawa wenyeji. Mie nikienda na wangu tunakula mishkaki michache na mkate wa ufuta, tunakunywa miwa yenye ndimu na tangawizi, tunakaa ukutani. Lakini fikeni kabla ya magharibi muwaone vijana wa makachu wanavyoruka kutoka ukutani kuingia baharini, mmoja anageuka hewani mara mbili, hiyo ni bure na haichoshi.

Kushiba khasa shibeni Darajani na Ng'ambo. Mix nzuri (urojo) ya bajia, kachori, mbatata, mshikaki mmoja, chipsi za muhogo juu na ukwaju ukolee, mie huwa natoa elfu mbili na nusu mpaka tatu. Asubuhi vitumbua au mkate wa kumimina na chai. Mchana mukitaka kukaa kwenye viti, ule mkahawa ulio kwenye mbuyu pale Mkunazini, unaenda mwenyewe unachungulia masufuria unachagua, sahani moja ya pilau mnakula wawili. Na kahawa Jaws Corner, kikombe kidogo na kashata, wazee wanacheza bao pembeni.

Kuhusu papasi, yule atakayewaandama "karibu, Changuu, spaisi tua", mjibu Kiswahili kwa upole, "ahsante ndugu yangu sie wa hapa hapa", anaachia. Usimkasirikie, naye anatafuta.

Nahodha_Mkokotoni

Changuu nimesahau kusema. Msikodi boti nzima. Nendeni pale ufukweni asubuhi, muwaambie manahodha mnatafuta wa kuchangia, mkifika sita saba bei inagawika. Mnakwenda kwa mashua ya mashine, kama nusu saa. Vaeni ndara na mkunje nguo maana maji yakitoka mtashukia baharini mpaka magotini. Na maboya mvae, mke wako asipopewa msipande.

MchumaKarafuu_Wete

Tumerudi jamani, wiki sasa. Nlisema ntaleta habari.

Kwenda alikaa pale pale Nahodha aliposema, katikati nyuma, ndimu mkononi. Tulipofika usawa wa Nungwi alianza kusoma, nami nikasoma naye, tukawasomea Fatiha watu wa kwao. Kisha akalala mpaka bandarini.

Shangazi tulimfanyia kama alivyosema BiMkubwa. Hakununa hata, alimwita mke wangu chumbani wakakaa huko saa nzima na alipotoka ananukia udi. Gesti tulipata Malindi ndani kwa elfu arobaini na tano na chai, na kweli cheti tuliulizwa, nikakitoa kifuani kimekunjwa, yule mzee akakisoma chote akasema "mashaallah karibuni wanangu".

Ijumaa tumetembea mpaka miguu ikavimba. Diko la Malindi alishangaa jodari, kwetu wapo ila si kwa wingi ule kwa mara moja. Milango ndo ilomteka. Amesoma madrasa kwahiyo alikuwa anasimama kila mlango, kidole hewani, anasoma polepole na watalii wanampisha. Mkongwe alioupata yeye ni wa 1308, kwa ndani huko Hurumzi, na mwenye duka alotoka kutuuliza tunatafuta nini aliposikia tunasoma miaka ya milango akatuletea vikombe viwili vya kahawa, akatuonyesha mwengine uliofichwa na nguo za kuuza ambao hata yeye hakuwahi kuusoma mwaka wake. Tuliusoma naye ila maandishi yamelika, tukaishia kwenye alfu na mia tatu tu.

Baada ya sala tulikwenda kanisa la Mkunazini, penye soko la watumwa la zamani. Mbona humu hakuna aliyetutajia pale? Sikutegemea paniguse hivyo. Soko lilifungwa 1873 na kanisa likaanza kujengwa mwaka huo huo juu ya uwanja wake, na kijana anayetembeza watu alituonyesha madhabahu pale uliposimama mti wa kuchapia. Nje kuna shimo na sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni, wamesimama kama wanaokusubiri wewe. Mke wangu alikaa ukingoni pale muda mrefu. Nilipomuuliza akasema yule mwanamke wa mbele uso wake ameufananisha na bibi yake mzaa mama. Basi hatukuzungumza tena mpaka Darajani. Naomba kila mtu wa Pemba akija Unguja apafike, na watoto wakubwa muwalete.

Beit el Ajaib tulilitizama jioni kutokea Forodhani kama alivyosema dada wa Kiponda. Nikamhadithia yote niliyoyasoma hapa, na yeye akanihadithia mwalimu wake wa darasa la sita alivyokuwa akilichora ubaoni, nguzo moja moja. Alizihesabu zile zilizobaki kuonekana. Vijana wa makachu walituchukua mpaka adhana.

Changuu tulichangia na familia ya watu wanne wa Tanga, ilitufikia elfu ishirini wawili sie, kiingilio tukalipa bei ya wenyeji. Kobe wameandikwa umri mgongoni kwa rangi, wengine wamepita miaka mia. Wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli 1919. Aliwalisha majani kwa mkono, na mmoja akinyoosha shingo ukimkuna chini ya kidevu, ana nyayo kama kinu. Lile jengo la jela waliojenga Waingereza tuliambiwa halikufunga mfungwa, lilikuja kutumika kwa karantini ya wagonjwa waliokuwa wakishushwa melini.

Hesabu: chakula chote siku tatu hakikuzidi laki, maana usiku mbili tulikula kwa shangazi. Yeye nilimwachia elfu thelathini akazikataa mara tatu. Zawadi za watoto na doti mbili za khanga Darajani zilikwenda elfu sitini na tano, hapo mke wangu ndo alikuwa bingwa, alishusha bei mpaka muuzaji akamuuliza "wewe mtu wa wapi?" Nimerudi na elfu sitini na kitu mfukoni.

BintiKiponda

Mashaallah kaka! Yule mwenye duka wa Hurumzi nadhani namjua, ntapita nimwambie wageni wake wamefika salama. Na wifi kurudi bahari ilikuwaje?

MchumaKarafuu_Wete

Kurudi ilichafuka kidogo karibu na Mkoani, aliniminya mkono lakini hakulia. Na aliyeniuliza inboksi mashua ya Changuu tulipataje, tulifika ufukweni saa mbili na nusu asubuhi, ukichelewa wa kuchangia wanakuwa washaondoka na mnabaki wawili na bei ya boti nzima.